Kinachoelea Jichoni

Upana wake ni kama milimita 14, na katikati hakifikii unene wa karatasi ya daftari. Kikiwekwa kwenye ncha ya kidole cha shahada hukaa mdomo juu, kimebeba unyevu wake, na upepo wa dirishani ukipita hutetemeka bila kuanguka. Mpwa wangu hukishika hivyo asubuhi, akikiinua kwenye mwanga kuangalia kama kimejipindua. Nyuma ya kidole chake, dirisha likiwa wazi, Marereni yote iko pale: mabati, mnara wa simu, malori yaliyoegeshwa kando ya barabara iendayo Garsen, kisha mabwawa ya chumvi, meupe, yamenyooka mpaka penye mstari wa kijani wa mikoko. Kitu kidogo kupindukia na kitu kipana kupindukia vimekaa kwenye mstari mmoja wa macho. Mkao huo hunishika kila nikiuona, na nadhani ni kwa sababu vyote viwili, lenzi na bwawa, ni habari ya maji na chumvi. Maji yakipungua katika kimoja, watu wanafurahi. Yakipungua katika kingine, mtu analia.

Asiyefika huku saa sita ya mchana hajui weupe ni nini. Maji ya bahari huvutwa kwa pampu na mifereji kutoka kwenye vijito vya Ghuba ya Ungwana, yakahamishwa bwawa hadi bwawa, kila hatua yakipungua ujazo na kuzidi ukali, mpaka takriban robo ya uzito wake iwe chumvi. Hapo ndipo punje huanza kujitunga chini. Sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa Kenya huzaliwa namna hiyo, kwenye ukanda huu wa Gongoni, Marereni na Kurawa, kwa kazi ya jua na upepo ambao hawalipwi, na ya watu ambao hulipwa kidogo. Mwanga wa hapa hautoki juu tu. Unatoka chini pia, unapanda chini ya ukingo wa kofia, unaingia kwa upande ambao nyusi hazikuumbiwa kuukinga. Macho hayana pazia, walisema wahenga, nao walikuwa na lao kuhusu udadisi wa binadamu; lakini simama ukingoni mwa bwawa la chumvi jua likiwa utosini na methali hiyo itakuwa habari ya mwili mtupu. Unafumba nusu, unachungulia kwa kope, machozi yanakuja bila huzuni yoyote.

Miaka elfu moja iliyopita Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanyia kazi kubwa ya maisha yake Cairo, aliandika Kitab al-Manazir na kubishana na waliodhani kwamba jicho hutoa miale yake lenyewe ikaenda kuvigusa vitu. Mojawapo ya hoja zake ilikuwa nyepesi, kiasi kwamba inashangaza kuwa wenye hekima walihitaji kuambiwa: jicho likitazama mwanga mkali huumia. Basi kuna kinachoingia. Wachota chumvi wa Marereni wangemwunga mkono bila kufungua kitabu.

Mpwa wangu hashiki koleo. Kazi yake ni ya daftari na kipimo. Hupita juu ya kingo, kutoka bwawa hadi bwawa, akichota maji katika chombo kirefu na kutumbukiza humo kijiti cha kioo chenye uzito mkiani. Kijiti huelea. Maji yakiwa mepesi kinazama zaidi, yakiwa makali kinasukumwa juu, na yeye husoma mstari uliolingana na uso wa maji, akaandika. Kwa namna ambavyo kioo kinaelea anajua bahari imefikia wapi katika safari yake ya kuwa chumvi. Nimekuwa nikiitazama kazi hiyo kwa miaka bila kuifikiria. Ilipokuja habari ya macho yake ndipo nikaanza kuifikiria, kwa sababu nilikuta mtaalamu wa macho naye anafanya kazi ileile: anaweka kitu juu ya maji kidogo, anakaa kimya, anasoma kinavyoelea.

Miwani yake ilikuwa na tabu ambazo mtu wa Nairobi hawezi kuzikisia. Wakati wa kusi, vitone vya maji ya bwawa huruka na kukauka kwenye kioo, vikaacha madoa meupe magumu. Ukiyafuta kwa leso yanakwangua, usipoyafuta unaitazama dunia kupitia ukoga. Parafujo za mikono zinakula kutu. Jasho linaiteremsha puani kila akiinama kusoma kipimo. Ndipo akasikia habari za lenzi za kuvaa ndani ya jicho, akaenda kwenye duka moja, ambalo halina haja ya kutajwa, akaulizwa swali moja tu: namba ya miwani yako ni ngapi? Akatoa cheti, akauziwa boksi la lenzi za mwezi mmoja, akaonyeshwa kwa simu jinsi ya kuzivaa, basi. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Siku za mwanzo alikuwa akitutajia vitu barabarani: jina lililoandikwa ubavuni mwa lori, mguu wa heroe mmoja mmoja katika kundi lililosimama bwawani, tofauti ya kijani cha mkoko huu na ule. Alasiri hadi alasiri furaha ikaanza kupungua rangi, macho yakiongezeka rangi. "Mjomba," aliniambia, "asubuhi sizisikii kabisa. Jioni zinanikaba."

Neno hilo la kukaba lilikuwa sahihi kuliko alivyojua. Namba ya miwani ni jibu la swali moja: mwanga upindwe kiasi gani ili uangukie panapostahili. Lenzi ina maswali mengine kabla ya hilo. Miwani ni jirani, anakaa upande wa pili wa ua, milimita kama 12 mbele ya jicho, na mkiwa na lenu mnaweza kulimaliza kwa kusogezana. Lenzi imeingia nyumbani. Hata namba yenyewe hubadilika kwa sababu ya umbali huo uliofutika: mwenye miwani ya kutoa diopta 6 kwa kawaida atatosheka na lenzi ya karibu 5.50, na mwenye namba kubwa akiuziwa kama cheti cha miwani kinavyosema atakuwa anaona kwa kulazimishwa. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni umbo. Kioo cha mbele cha jicho, ambacho wataalamu wanakiita konea, kina mviringo wake; wastani wa nusu-kipenyo cha mviringo huo ni kama milimita 7.8, na tofauti ya sehemu ndogo tu ya milimita huamua kama kitu kilichowekwa juu yake kitaelea, kitateleza au kitang'ang'ania. Macho mawili ya mtu mmoja yanaweza kutofautiana. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na lenzi iliyokatwa kwa kipimo cha wastani ni nguo ya kuazima, hata kama imenunuliwa kwa fedha taslimu na boksi halijafunguliwa.

Konea ina jambo jingine la ajabu ambalo kila nikilikumbuka hulirudia. Haina mishipa ya damu. Ingekuwa na mishipa isingekuwa angavu, tungeiona dunia kupitia wavu mwekundu. Kwa hiyo, ili tuone, sehemu hiyo ya mwili imekubali kutolishwa na damu kama viungo vingine. Hewa yake inaipata kutoka nje, moja kwa moja, ikiwa imeyeyuka katika machozi. Jicho linapumua kwa uso wake. Kuweka kifuniko juu ya kitu kinachopumua kwa uso wake ni jambo la kuombewa ruhusa, si la kuuzwa dukani kwa swali moja.

Na machozi hayo yenyewe ni kiasi gani? Yaliyotandaa juu ya jicho kwa wakati wowote ni kama mikrolita 7, hayafiki robo ya tone moja la dawa. Maji ya kifuu bahari ya chungu. Bahari hiyo ina chumvi yake, kama asilimia 0.9, wakati bahari iliyoko mbele ya Marereni ina karibu asilimia 3.5 na bwawa la mwisho lina asilimia 25 na zaidi. Nikiziweka namba hizo tatu kwa mfuatano naona safari nzima ya mpwa wangu kwa siku: anatoka na chumvi ndogo machoni, anapita kando ya chumvi ya wastani, anafanya kazi juu ya chumvi kali, na upepo usiojua mipaka unazichanganya. Lenzi laini ni kitu kinachokunywa maji. Ikikauka hunywa yale iliyoyakuta, na iliyoyakuta ni yale mikrolita 7. Inakunjika kidogo, inabana, inaacha kusogea. Ndiko huko kukaba.

Ungedhani basi watu wa chumvi wana neema fulani hapa. Maji ya kuhifadhia lenzi si ni maji ya chumvi tu? Kwa nini kununua chupa ya dawa mjini ilhali malighafi imelundikana nje kama vilima? Swali hilo nililisikia likiulizwa kwa mzaha, na mzaha huo una kaburi ndani yake. Huko Marekani, miaka ya 1980, watumiaji wa lenzi walikuwa wakinunua vidonge vya chumvi, wakiviyeyusha katika maji nyumbani, wakiosha na kulowekea humo lenzi zao. Katikati ya muongo huo madaktari walianza kuona wagonjwa wenye vidonda vya konea vyenye maumivu makali, na wengi wao walikuwa wanajitengenezea maji ya chumvi. Mhusika alikuwa kiumbe wa chembe moja, Acanthamoeba, anayeishi karibu kila penye maji: ya bomba, ya kisima, ya bwawa, ya bahari. Akishajipatia nafasi chini ya lenzi huitafuna konea taratibu, na kumtoa huchukua miezi, wakati mwingine jicho likabaki na kovu. Chumvi haikumwua. Maji ya mradi wa Baricho yakifika bombani, maji ya kisima yaliyoonja bahari, maji ya chupa, mate ya mtu mwenye haraka: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachostahili kugusa lenzi. Kidole chenyewe kioshwe kwa sabuni na kikaushwe kabla hakijaishika. Katika mji ambamo chumvi ni mlima na maji safi hufuatwa kwa madumu, sharti hili si dogo, na anayemwuzia mtu lenzi bila kumwuliza anaoga wapi na maji anatoa wapi amemwuzia nusu ya bidhaa.

Mombasa tulikwenda kwa basi la alfajiri. Mtaalamu alikuwa mama wa makamo, mpole wa mikono. Kabla ya kugusa mashine yoyote aliuliza, "Kazi yako ni ya ndani au ya nje, mwanangu?" Mpwa wangu alimweleza habari ya kingo, kusi, vitone, kijiti cha kioo. Yule mama akaandika kirefu. Hakuna duka lililowahi kuuliza hilo, na nikawaza jinsi swali la kawaida kabisa lilivyokuwa nusu ya tiba: jicho halikai hewani peke yake, linakaa mahali, na mahali pana upepo wake. Kisha akamwondolea zile lenzi za zamani, akalipa jicho muda wa kupumzika, akapima mkunjo wa konea kwa mashine, akatia chembe ya rangi ya manjano ambayo chini ya mwanga wa buluu hung'aa kijani, akatazama kwa darubini yenye mwale mwembamba kama machozi yametandaa sawasawa. Akamwambia asipepese, akahesabu kimya. Utando wa machozi wenye afya unakaa zaidi ya sekunde 10 kabla haujapasuka. Wa mpwa wangu ulipasuka mapema.

Lililofuata ndilo lililonifundisha zaidi. Aliweka lenzi ya majaribio, akatuacha tukae kwanza kwenye benchi mpaka itulie, kisha akarudi na darubini. "Pepesa," akasema. "Tena." Nilidhani anatafuta lenzi iliyokaa imara. Kumbe anatafuta lenzi inayosogea. Kila kope ikishuka na kupanda, lenzi laini iliyopimwa vyema hupanda nayo kidogo, sehemu ya milimita, kisha hurudi mahali pake. Katika msogeo huo machozi mapya huingia chini na taka za zamani hutoka. Isiposogea, hata kama mvaaji anaapa hajisikii kitu, imebana: inazuia machozi, inafuga uchafu, inaliachia jicho hewa haba. Na hapa ndipo penye hila. Lenzi iliyobana huwa tamu mwanzoni. Haichezi, haiwashi, mtu anaisahau. Iliyolegea ndiyo inayolalamikiwa mapema, kwa kuwa inateleza na kuona kunakuja na kwenda. Duka linalopima kwa kumwuliza mteja "unajisikiaje?" dakika ya kwanza litapendelea ile itakayomkaba jioni. Nimefikiri juu ya hilo kuhusu mambo mengi ambayo hayahusiani na macho: kazi zilizonikumbatia kwa nguvu siku ya kwanza, itikadi zilizonikaa barabara zisinipe pa kujigeuza. Ukiona vyaelea vimeundwa, na sasa nadhani fundi wa jahazi angeongeza kwamba vimeachiwa pia nafasi ya kuyumba.

Lenzi yenyewe haikuanza kwa upole. Mwaka 1888 Adolf Eugen Fick, daktari Mjerumani aliyekuwa Zürich, alichapisha habari za lenzi zake za kioo alizozijaribu kwanza kwa sungura, kisha kwa macho yake mwenyewe, kisha kwa wagonjwa wachache. Zilikuwa nzito, zikiegemea weupe wa jicho, na chini yake alitia maji yenye sukari ya zabibu. Saa chache tu na jicho lilikuwa limechoka. Kioo kilitangulia, plastiki ngumu ikafuata, na kwa miongo mingi mvaaji alikuwa mtu wa subira. Ulaini ulikuja kutoka Prague. Otto Wichterle, mkemia, alikuwa ameshatengeneza na wenzake utomvu wa plastiki unaokunywa maji ukalainika, lakini kuuumba uwe lenzi kulishinda mitambo. Krismasi ya mwaka 1961, nyumbani kwake, aliunganisha vipande vya Merkur, kichezeo cha chuma cha watoto cha kujengea, akafungia dainamo ya baiskeli, akamimina utomvu katika kibia kinachozunguka. Mzunguko ukausambaza, ukingo ukatoka laini. Marekani iliruhusu lenzi laini kuuzwa mwaka 1971. Kinachonifurahisha si werevu peke yake. Ni kwamba umbo halikukatwa wala kusuguliwa. Utomvu uliachwa uzunguke, ukajipata wenyewe.

Kasoro ya ulaini huo ni kwamba hewa hupita ndani yake kwa kubebwa na maji, na maji hayabebi nyingi. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1990 zikaja zenye silikoni, ambamo oksijeni hupita kwa silikoni yenyewe, mara kadhaa zaidi. Kubadilisha aina si kuhama chumba katika nyumba ileile. Silikoni ni ngumu kidogo kuliko ile plastiki laini ya kwanza, inaukalia mviringo kwa namna nyingine, inavuta mafuta ya machozi zaidi. Kwa hiyo mtu akihama kutoka aina moja hadi nyingine, hata kama namba ni ileile na upana ni uleule, apimwe upya. Ziko pia lenzi ngumu zinazopitisha hewa, ndogo kuliko konea, ambazo kwangu ndizo zenye falsafa nzito zaidi. Haziigi umbo la jicho. Jicho likiwa na mabonde, kama la mtu ambaye konea yake imechongoka kwa mbele, lenzi laini hujikunja kufuata mabonde hayo na kasoro inabaki. Ngumu hukataa kujikunja, na pengo lililobaki chini hujazwa na machozi. Machozi yenyewe yanakuwa lenzi. Mtu anaona kwa chozi lake. Bei yake ni wiki za kuzizoea, na anayeziacha ili ahamie laini hana budi kusubiri konea irudi kwenye umbo lake kabla ya kupimwa, maana jicho nalo hujifinyanga kwa kile lililokivaa muda mrefu.

Kwa mpwa wangu yule mama alichagua za silikoni za siku moja: zinavaliwa asubuhi, zinatupwa usiku, hakuna kulowekea, hakuna chupa ya dawa kusahaulika, hakuna kijisanduku cha kuotesha wadudu. Ni ghali zaidi, na zinaacha taka, nami sipendi kitu cha kutumiwa mchana mmoja. Lakini mahali penye maji ya shida na vumbi la chumvi, nadhani ndizo za haki, na asiyezimudu ni afadhali abaki na miwani iliyokwaruzika kuliko kurefusha lenzi ya mwezi iwe ya miezi mitatu. Juu ya hayo akampa masharti: miwani ya kawaida ibaki mkobani kila siku, jicho likiwa jekundu, likiuma au likikataa mwanga, lenzi itoke saa hiyohiyo na mtu aende hospitali, na akiwa bwawani avae juu yake miwani ya giza iliyofunika hadi pembeni.

Hilo la mwisho, la kupunguza mwanga, lilinirudisha kwenye jambo ambalo watu wa huku kwetu Magarini wanajivunia kidogo na kulisahau zaidi. Kusini ya hapa kidogo, baharini mbele ya Ngomeni, kuna majukwaa ya Waitaliano yaliyokuwa ya kurushia roketi. Kutoka pale, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina la siku hiyo: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa kuchunguza mbingu kwa miale ya eksirei. Haikuwa na lenzi. Eksirei hazipindiki kwa kioo kama mwanga wa kawaida. Ilichokuwa nacho ni vizuizi vya metali vyenye njia nyembamba vilivyoruhusu miale ya upande mmoja tu kupita, huku chombo kikizunguka taratibu na kuisoma anga kipande kwa kipande. Orodha yake ya mwisho ilifika vyanzo 339, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Jicho lile liliona kwa kukataa kwingi na kukubali kidogo. Wainuiti wa kaskazini ya dunia walilijua hilo zamani: walichonga mfupa au ubao, wakatoboa ufa mwembamba, wakaufunga usoni, wakatembea juu ya theluji bila kupofushwa. Kuona vizuri si kupinda mwanga tu. Mahali pengi ni kuupunguza.

Sasa tazama tena mabwawani. Mpwa wangu ana lenzi na ana miwani ya giza. Ana mshahara wa daftari na mjomba wa kumsindikiza Mombasa. Wanaochota na kurundika wana kofia ya ukili, leso usoni na kope walizozaliwa nazo. Baadhi yao ukikaa nao karibu unaona kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho na kutambaa kuelekea mboni, ugonjwa wa watu wa jua na upepo, wa wavuvi, wakulima na wachota chumvi. Kikishafika kwenye konea huivuta, kikaharibu mviringo ambao mtaalamu angeupima. Mtu huyo hata akipata fedha za lenzi atakuta jicho lake limeshapoteza umbo la kuipokea. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikaa kusikiliza wakazi wa Magarini kuhusu viwanda vya chumvi, na ripoti ikatoka mwaka uliofuata. Walizungumza ardhi, mikoko, visima vilivyogeuka chumvi, na hali ya kazi. Ardhi ndiyo iliyochukua sauti kubwa, na kwa haki. Macho hayapigi kelele. Hufifia kidogo kidogo, na mwenyewe hudhani ni umri.

Kwa hiyo nina maneno mawili. Kwako unayetaka lenzi, Malindi au Mombasa au popote: usiende na cheti cha miwani peke yake. Taja kazi yako, upepo wako na maji yako, kubali kukaa kwenye benchi mpaka lenzi itulie, na kama anayekuuzia hataki kuitazama ikisogea, toka. Kwa wenye mabwawa: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga penye hatari. Mwanga wa chumvi saa sita ni hatari, na miwani ya giza inayofunika hadi pembeni ni kifaa. Itolewe kwa kila anayeshika koleo, na mtaalamu wa macho aletwe Marereni apime watu hapahapa, walau mara moja kwa mwaka.